Chumba Namba Saba Hakina Sauti

Asiyeutaka waraka wangu aende akafungue idara yake. Ndivyo nilivyokuwa nikisema mpaka Jumamosi ile. Siku hizi nasema nusu tu, halafu nacheka mwenyewe.

Mimi ni katibu wa Idara ya Lugha na Tamaduni za Dunia, mwaka wa ishirini na tatu huu, ofisi ileile, meza ileile, kiti tu ndicho wamenibadilishia mara mbili. Wakuu wa idara wamekuja na kuondoka, mimi nipo. Najua ufunguo upi ni wa kabati lipi, na najua mwalimu gani akisema "nakuja sasa hivi" maana yake ni kesho. Nyuma ya mgongo wangu wananiita Mama Waraka, na mbele yangu pia, maana nilishazoea. Sijisifu. Nawaambia haya ili mjue kuwa kosa nililolifanya halikuwa la mgeni wa kazi.

Kila mwaka chuo chetu kina Siku ya Milango Wazi. Zamani watu walikuwa wanakuja kwa miguu, wanajaa koridoni, wanachukua kalamu za bure na kwenda zao. Sasa mambo yote ni mtandaoni. Mgeni anakaa kwake, anafungua linki, anachagua chumba: namba moja Kichina, namba mbili Kifaransa, namba tatu Kiarabu, hivyo hivyo mpaka namba nane. Kila chumba kina mwalimu anayewaonjesha watu lugha yake na mambo ya wenye lugha hiyo. Ukipendezwa, unajaza fomu ya kozi palepale.

Mwaka uliotangulia ilikuwa vurugu tupu. Mgeni mmoja alikuwa anakaanga vitu vyake, mafuta yanalia kuliko mwalimu. Mwingine alisahau kuwa kamera inawaka, akavua shati mbele ya Mkuu wa Idara na wageni mia mbili. Jogoo wa mtu aliwika mwanzo mpaka mwisho, na mwalimu wa Kireno, aliyekuja na gitaa lake, akasalimu amri. Picha zilikatika, bando za watu zikaisha, na lawama zote zikanidondokea mimi. Nikaapa. Safari hii nikaandika waraka wa mambo saba, na la kwanza lilikuwa hili: wageni wote wazime kamera na maikrofoni tangu wanaingia mpaka wanatoka. Nikamwambia Fundi wetu wa mitambo azifunge kabisa, mgeni asiweze kuziwasha hata akitaka. Mkuu akausoma waraka, akasema, "Safi sana, mama. Umemaliza kila kitu." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Sasa, namba saba ni chumba cha Lugha ya Ishara. Mwalimu wake ni binti wa miaka thelathini na ushee, kiziwi tangu kuzaliwa, na mimi na yeye tuna mwaka wa pili tunakunywa chai pamoja kila siku saa nne. Lugha yake siijui kihivyo. Najua chai, sukari, njoo, subiri, Mkuu amekuja na Mkuu ameondoka, basi. Mengine tunaandikiana kwenye simu, na umbea wetu hauna upungufu wowote.

Ni yeye aliyenieleza desturi ya majina. Viziwi hawahangaiki kukutaja herufi moja moja kila saa. Wanakutazama, wanaona jambo moja ambalo ni lako, wanaligeuza kuwa jina lako la mkono. Hujipi mwenyewe. Unapewa na kiziwi, na ukishapewa umepewa, hakuna rufaa. Mkuu wetu ni mtu anayenyoosha tai. Fundi ni mtu anayezungusha waya kiganjani. Na mimi? Mimi ni vidole viwili vinavyoshusha miwani mpaka ncha ya pua, halafu macho yanamtazama mtu kwa juu. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nilipita mbele ya kioo nikiwa natoka kumkaripia mtu, nikaona miwani ipo palepale alipoisema yule binti. Nikaacha kununa.

Wiki moja kabla ya Siku ya Milango Wazi, Mkuu aliniita ofisini kwake. Kozi ya Ishara muhula uliopita ilikuwa na wanafunzi wanne.

"Barua imetoka juu," akasema, akaonyesha dari, utadhani huko juu hawakai mafundi bomba. "Wasipojiandikisha kumi siku ile, fomu zikifungwa saa sita mchana, kozi inafutwa."

"Na mwalimu?"

"Mkataba wake ni wa kozi, mama. Kozi ikienda, naye anakwenda."

Nilimwandikia mwenyewe, sikutaka aisikie kwa mtu mwingine. Akasoma, akaiweka simu kifudifudi, akanionyesha ishara ya chai. Tukanywa. Nikajipa moyo kwamba wageni watakuwa mia nne, watu kumi hawakosekani, na kwa waraka wangu hakuna kitakachokwama.

Jumamosi ikafika. Saa tatu asubuhi mimi na Fundi tulikuwa ofisini, kila mmoja na kompyuta mbili. Mkalimani wa Ishara alikuwa amechukuliwa na Mkuu kwenye ukumbi mkubwa kwa ajili ya hotuba, na hotuba za Mkuu mnazijua. Yule binti hakujali. Alisema yeye somo la kwanza huwa analifundisha bila sauti ya mtu yeyote, ndiyo kazi yake, na ndivyo watu wanavyonasa. Mbele yangu nilikuwa naona vyumba vyote vinane kwa hesabu tu: watu wangapi wamo, fomu ngapi zimejazwa. Namba saba ilianza na watu hamsini na wawili. Nikasema kimoyomoyo, haya, mambo hayo!

Saa tatu na nusu wamebaki thelathini. Saa nne kasoro, kumi na mmoja. Na meseji zikaanza kumiminika: "Chumba namba saba hakina sauti." "Hatumsikii mwalimu wa namba saba." "Namba saba pameharibika." Sikuwa na muda wa kushangaa, kwa sababu chumba cha Kikorea kilikuwa kimejaa mpaka watu wanakaa nje, na mwalimu wa Kichina alikuwa anachora herufi kwa brashi huku kamera yake inatazama dari. Nilikuwa na meseji zangu zilizoandaliwa, moja kwa kila tatizo, nanakili na kubandika. Nikabandika namba saba: "Mwalimu, wageni hawakusikii. Sogea karibu na maikrofoni."

Jamani. Nilituma hivyo. Kwa mkono wangu huu.

Akanijibu: "Mama, siwaoni watu."

Nami nikamjibu bila hata kuinua kichwa: "Hata sisi hatuwaoni. Ndiyo utaratibu. Fuata waraka." Chai ya saa nne hatukunywa siku hiyo.

Fundi naye hakulala. Alihangaika na mtambo wa namba saba palepale ofisini kama saa nzima, anafungua hiki, anafunga kile, anapuliza vumbi. Mwisho akanigeukia, amechoka, jasho linamtoka.

"Mama Waraka, hii namba saba itanitoa roho. Maikrofoni nzima. Waya mzima. Nimebadilisha mtambo wote wa sauti. Mashine haina kosa lolote. Mwalimu ndiye haongei."

"Haongei? Mwambie aongee, wageni wanakimbia!"

"Nimeshamwandikia mara tatu."

"Leo ana kiburi gani huyo?"

Fundi akasimama pale, anafikiri, na kama kawaida yake akiwa anafikiri, akachukua waya na kuanza kuuzungusha kiganjani. Nikautazama ule mkono. Ulizunguka mara ya kwanza, ukazunguka mara ya pili. Nikaijua hiyo ishara, nikakumbuka ni nani aliyenifundisha.

"Fundi," nikasema polepole. "Namba saba ni nani?"

Akauacha waya udondoke. Sisi wawili, watu wa idara ya lugha, tumekaa saa mbili tunamtengenezea kiziwi sauti.

Saa tano na dakika kumi. Fomu za namba saba zilikuwa mbili. Watu waliobaki chumbani: mmoja. Mmoja tu, aliyeingia tangu saa tatu na hajatoka.

"Fungua kamera za wageni!" nikamwambia Fundi.

"Zote? Na waraka je?"

"Uchane!"

"Lakini umeusaini wewe."

"Ndiyo maana naweza kuuchana! Fungua, mwanangu, usinitazame hivyo!"

Akasema itamchukua dakika kumi. Mimi nikaingia namba saba. Nikamkuta yule binti amekaa mbele ya kitambaa cheusi, blauzi yake ya bluu imepigwa pasi kwelikweli, na mikono yake bado inafundisha. Alikuwa anafundisha giza. Saa mbili nzima anaongea na vijisanduku vyeusi vinavyotoweka kimoja kimoja, hajui nani anacheka, nani ameelewa, nani ameondoka kwa sababu gani. Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi kamera siipendi hata kidogo, inanifanya mashavu yawe makubwa, lakini niliiwasha. Ishara ya kuomba radhi sikuijua, maana mwaka na kitu wa chai sijawahi kuihitaji, ndivyo nilivyokuwa najiona. Basi nikashusha miwani mpaka ncha ya pua ajue ni mimi, kisha nikaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa.

Yule binti alikuwa na ubao mdogo mweupe wa kuandikia, akauchukua, akaandika na kuuinua: HATIMAYE MTU.

Nilitaka kulia, nikacheka. Fundi alipomaliza, nikafungua kipaza sauti cha vyumba vyote, hotuba ya Mkuu nikaikatiza katikati, na hilo sijutii.

"Wageni wetu, samahanini. Hapa ni ofisi, ni katibu anayeongea. Chumba namba saba hakijaharibika. Mwalimu ni kiziwi na anafundisha kwa mikono. Mimi ndiye niliyezima kamera zenu, nikamfumba macho. Kamera sasa ziko wazi, rudini mumwone, na yeye awaone. Ila tafadhalini, vaeni mashati."

Kamera ya kwanza kuwaka ilikuwa ya yule mmoja asiyetoka. Ni babu mmoja kinyozi, ndani ya kibanda chake cha kazi: kioo kirefu nyuma, mataulo yamekunjwa vizuri, mashine za kunyolea zimening'inia kwenye misumari. Juu ya kiti cha wateja, kilichopandishwa mpaka mwisho, ameketi msichana mdogo wa miaka mitano hivi. Na mikono ya huyo mtoto ilikuwa inakwenda mbio, anaiga kila anachofanya mwalimu, tena kwa namna iliyoonyesha kuwa hajaanza sasa.

Fundi akamfungulia maikrofoni. "Ni mjukuu wangu," babu akasema. "Hasikii. Tangu saa tatu anamjibu mwalimu hivyohivyo. Nilitaka kuwasha kamera, nikaona imeandikwa marufuku, nikasema tusiwaletee watu fujo."

"Babu, wenzako wote waliondoka, wanasema hakuna sauti. Wewe mbona hukuondoka?"

"Sauti ya nini, mama? Huyu hajawahi kuihitaji. Kila nikigusa simu ananipiga mkono." Akasogea karibu na kamera, akapunguza sauti. "Hivi hiyo kozi inadai cheti gani? Mimi shule niliiacha mapema."

"Inadai mikono miwili, babu."

"Hiyo ninayo," akasema, akaangalia mikono yake kuhakikisha.

Watu wakaanza kurudi. Muuguzi aliyetoka zamu, bado ana sare. Dada wawili wanaogombania simu moja. Mlinzi wa benki, amejificha nyuma ya gari asionekane na bosi. Binti mwalimu alipoona nyuso, mgongo wake ukanyooka. Akawaeleza desturi ya majina kwa ubao na mikono, akaanza kuwagawia: muuguzi akapewa saa anayoibana kifuani, dada wawili wakapewa jina moja la kuvutana, mlinzi akapewa kuchungulia. Watu wakavunjika mbavu bila kutoa sauti, kwa sababu maikrofoni zilikuwa bado zimezimwa isipokuwa yangu na ya babu. Sijawahi kuona kicheko kama kile. Lakini jicho langu lilikuwa kwenye hesabu. Saa sita kasoro robo, fomu zilikuwa sita. Ya babu nilimjazia mimi mwenyewe. Zinahitajika kumi, na mimi roho iko juu.

"Na mimi, mwalimu," babu akasema, "nipe langu." Nikamwandikia mwalimu ombi lake.

Mwalimu akatazama kibanda kile cha kinyozi, akamtazama babu, kisha akamuuliza mjukuu kwa kidole na nyusi tu: huyu ni nani? Mtoto hata hakufikiri. Akapitisha vidole nyuma ya shingo yake mwenyewe, mara mbili, haraka, kama mtu anayepangusa vinywele vilivyobaki baada ya kunyolewa.

Mwalimu akachukua ubao. SIWEZI KUKUPA. UNALO TAYARI.

"Ninalo? Lipi tena?"

Mwalimu akamwonyesha mjukuu. Mtoto akarudia, shingoni, mara mbili.

Babu akacheka. "Aa, huo ni mchezo wake! Nikiingia tu mlangoni, anafanya hivyo. Akianguka akilia, anafanya hivyo. Nikiwa na mteja yeye yuko kule pembeni, anafanya hivyo. Ananiigiza kazi yangu, mtundu huyu."

Nikaandika maneno hayo yote mbio mbio, kwa sababu nilishaona yanakoelekea. Mwalimu akasoma. Akafuta ubao kwa kiganja, akaandika polepole, akauinua karibu kabisa na kamera.

SIYO MCHEZO. ANAKUITA.

Yule mzee akamgeukia mjukuu wake, akamtazama utadhani ndiyo kwanza analetewa. "Miaka miwili," akasema. "Huyu mtoto ananiita miaka miwili, mimi nacheka tu na kuendelea kunyoa." Machozi yakamtoka, hakuyaficha, na taulo lilikuwa begani mwake lakini hakulikumbuka. Mtoto kumwona hivyo, akashtuka. Akamwita tena, vidole shingoni, mara mbili.

Safari hii babu aliitika. Akapitisha vidole vyake vinene nyuma ya shingo yake, mara mbili, kisha akajigusa kifuani: mimi. Ni mimi, nipo.

Mtoto akabaki mdomo wazi. Halafu akaruka kutoka kwenye kile kiti kirefu, na kamera ikaanguka, tukabaki tunaangalia dari ya kibanda cha kinyozi na kusikia mzee wa watu anacheka na kulia kwa pamoja.

Nilikuwa najifanya nasafisha miwani. "Mama Waraka," Fundi akaniita, "angalia namba saba. Nane. Tisa. Kumi na moja. Mlinzi wa benki amejaza. Hao dada wamejaza wote wawili. Kumi na nne!" Fomu zilipofungwa saa sita kamili zilikuwa kumi na tisa. Nilimbeba Fundi juujuu, au alinibeba yeye, sikumbuki vizuri.

Mkuu akaingia ofisini ananyoosha tai. "Nasikia mmenikatiza hotuba. Vipi, mama, waraka umefanya kazi?"

"Umefanya kazi kubwa mno. Nimeuchana."

Akaangalia hesabu kwenye kioo cha kompyuta, akaangalia vipande vya karatasi kapuni, akanitazama mimi. "Kumi na tisa," akasema. "Basi leo barua itatoka chini iende juu." Akaiandika palepale, kwenye meza yangu, kwa kalamu yangu.

Yule binti alikuja baadaye na vikombe viwili. Chai ya saa nne tuliinywa saa saba. Akanifundisha ishara ya msamaha, akanirudisha mara kadhaa mpaka nikaipata, kisha akanionyesha kwamba nisiizoee.

Darasa lilianza jioni ya Jumatatu iliyofuata. Nilisimama mlangoni na orodha yangu, maana mimi bado ni mimi, bila orodha haingii mtu. Babu kinyozi alifika wa kwanza, amevaa shati jeupe, mjukuu amemshika mkono.

"Jina?" nikamuuliza kwa mazoea.

Hakunijibu kwa mdomo. Akaweka begi lake chini, akapitisha vidole nyuma ya shingo, mara mbili. Mjukuu wake akamkagua, akaona hajafanya sawasawa, akamvuta mkono na kuushusha kidogo, pale hasa panapotakiwa. Babu akarudia. Nikaweka tiki.